Il était une fois… la Vie: katuni ya mwili wa binadamu iliyonigeuza DJ sebuleni kwangu

Niseme mapema kabisa mi sio mtu wa katuni. TV kwangu ilikuwa ya mpira na taarifa ya habari ya saa mbili usiku basi, ila ukishakuwa na watoto watatu na mama yako mzazi chini ya bati moja pale Tabata rimoti inaacha kuwa yako, inakuwa ya serikali, na serikali yenyewe ina miaka minne na haijui kunawa mikono. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa nimeyapata kwa kukaa chini kwenye mkeka usiku baada ya usiku kwa karibu miezi mitatu, nikitaka nisitake.

Ilivyoanza ni hivi. Wa kati wangu ana miaka saba, alianguka na baiskeli akachubuka goti, damu ikatoka kidogo alafu ikaacha, na yeye badala ya kulia akakaa anaitazama tu kama anasubiri daladala, mwisho akaniuliza baba, damu imejuaje kwamba inatakiwa iache? Nikamwambia imeganda. Akasema najua imeganda, nauliza imejuaje. Sikuwa na jibu jamani. Kesho yake kazini nikamsimulia mshkaji wangu mmoja wa Bujumbura, akacheka sana, akasema mbona sisi hilo tulijibiwa utotoni, akaanza kuimba wimbo wa Kifaransa pale pale ofisini watu wanatutazama. Ndo akanitajia hii Il était une fois… la Vie, kwa Kiingereza wanaiita Once Upon a Time… Life, iko YouTube kwenye chaneli inaitwa Hello Maestro.

Ni ya mwaka 1987. Ndiyo, ni ya zamani, wengine mnaosoma hapa hamjazaliwa. Mfaransa mmoja anaitwa Albert Barillé ndo aliibuni, kabla ya hapo alishatengeneza ya historia ya binadamu na nyingine ya anga za juu, wahusika sura zile zile, yule mzee mwenye ndevu ndefu mpaka miguuni anaitwa Maestro na wenzake, alafu safari hii akawaingiza wote ndani ya mwili wa mtu. Vipindi 26, kila kimoja dakika 25 hivi. Kipo cha moyo, cha damu, cha jicho, cha sikio, cha ngozi, cha meno, cha ini, cha figo, cha uboho (ule ute wa ndani ya mifupa), cha chanjo, kila kiungo kimepewa siku yake. Muziki ni wa Michel Legrand, na wimbo wa mwanzo ameimba Sandra Kim, yule binti wa Ubelgiji aliyeshinda Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, mwaka 1986 akiwa na miaka 13. Nawaonya kuhusu huo wimbo. Mi Kifaransa sijui hata salamu ila nimeshajikuta nauimba bafuni.

Sasa tatizo la kwanza na ndo tatizo kubwa, Kiswahili hamna. Kipo Kifaransa, kipo Kiingereza na lugha zingine kibao za wenyewe huko, sisi hatumo. Mkubwa wangu yuko darasa la nne anaokoteza Kiingereza, wa kati anasikia maneno mawili matatu, huyu mdogo hasikii kitu, na bibi yao ndo kabisa. Kwa hiyo dakika ya tatu ya kipindi cha kwanza nikaanza kuulizwa anasemaje, anasemaje, anasemaje, mpaka nikapunguza sauti ya TV nikaanza kutafsiri mwenyewe. Kama uliwahi kulipia kibanda umiza ukakaa kwenye lile benchi la mbao ukamsikia Lufufu, yule DJ wa kutafsiri movie, anamwaga maneno juu ya movie ya Kichina basi unajua nazungumzia nini. DJ hatafsiri neno kwa neno, DJ anakupa movie yake yeye. Nami nikajikuta hivyo hivyo.

Na hapa ndo hii katuni iliponishika. Nimejaribu kutafsiri katuni zingine na zinakufa mkononi, ukitoa maneno hakibaki kitu, ila hii inasimama hata ukiwa na DJ mbovu kama mimi kwa sababu kazi yote ipo kwenye picha. Mwili ni mji. Watu wake wana kazi. Chembe nyekundu za damu ni watu wekundu wanaotembea kwenye mishipa wamebeba viputo vya oksijeni mgongoni, yupo mzee wao mmoja anaitwa Globus anawafundisha vijana njia, anafika anashusha mzigo, anabeba kabondayoksaidi anairudisha kwenye mapafu. Sikuhitaji kufikiri, nikasema hawa makuli wa Kariakoo. Watoto wakaelewa sekunde hiyo hiyo kwa sababu makuli wanawajua, wamewaona na magunia yao wanapita mbio wanapiga kelele watu wasogee. Mapafu nikayaita stendi. Ubongoni ambako Maestro amekaa na mitambo yake anatoa amri nikasema hapo ofisi ya mjumbe wa nyumba kumi, mambo yote yanapelekwa kwake, nusu anayatatua, nusu anapiga kelele tu. Chembe nyeupe ni polisi kweli kwenye katuni, ila mi nikawaita sungusungu, wale walinzi wa mtaani. Vile vimeng'enya vya tumboni ni vibarua wenye vifaa vyao, wanakikatakata chakula vipande vipande. Alafu zipo limfosaiti, nazo ni aina ya chembe nyeupe, zinazoruka na vyombo vyao kama madereva wa ndege ndogo, wakimuona adui wanamwaga kingamwili kutoka juu, vidudu vidogo vinamng'ang'ania adui mpaka hawezi kutembea. Wa kati alisimama kwenye mkeka akapiga makofi.

Na swali lake la goti likajibiwa, maana chembe sahani, zile za kugandisha damu, zina kipindi chao kizima. Zinafika pale mshipa ulipopasuka, zinashikamana, wanaziba, wengine wanaleta nyuzi, kama mafundi wanaoziba bomba lililopasuka barabarani isipokuwa hawa wanafika siku hiyo hiyo (huo ni mchango wa DJ). Alifunua goti lake akaliangalia kovu kwa heshima kubwa sana.

Mi mwenyewe nimejifunza, sitajifanya. Sikujua kwamba chembe nyekundu inaishi kama siku 120 tu alafu imeisha, na uboho wa mtu mzima unatengeneza mpya kama milioni mbili kila sekunde, yaani ukimaliza kusoma sentensi hii una damu mpya. Sikujua zikizeeka nyingi zinaenda kubomolewa kwenye bandama na ini, na ule mchanganyiko unaobaki ndo unaishia kwenye nyongo na mwisho wa safari ndo unaokipa choo rangi yake ya kahawia. Hili la mwisho usimwambie mtoto wa miaka minne wakati wa kula. Nimelipia kosa hilo wiki nzima.

Kitu kingine kilichonifurahisha ambacho hakimo kwenye katuni ila kimetoka kwa sababu yake, ni majina. Nilipolazimika kutafuta maneno nikagundua Kiswahili kina viungo vyote, sisi ndo hatuvitaji. Kile kijinyama cha kooni kinachofunika njia ya hewa unapomeza kinaitwa kidakatonge. Kidaka-tonge! Anadaka tonge! Mdogo akikohoa na ugali anasema kidakatonge changu kimelala. Kongosho nilikuwa nalisikia tu kwenye mambo ya kisukari, sasa nyumbani kwangu kongosho ni mtu anayejulikana. Figo, kibofu, umio, uboho, yote hayo yamekuwa maneno ya mezani. Neno bandama nilipewa na mama, nilikuwa nasema tu hicho kiungo cha kushoto, akanigeukia akasema we mtoto hujui bandama, mbuzi wote uliokula?

Kasoro zake zipo na sio ndogo. Kwanza inaenda taratibu, ukizoea hizi katuni za sasa zinazokatakata picha kila sekunde mbili utaona kama imeganda, mkubwa wangu vipindi viwili vya mwanzo alikuwa anatazama kwa jicho moja. Kazi nyingi za ukubwa humo wamepewa wanaume, wanawake wapo ila wachache na mara nyingi wa kumshangaa mwanaume, ndo 1987 hiyo. Familia unayoiona nje ya mwili ni ya Kizungu moja kwa moja. Mdogo aliniuliza kama na sisi ndani tuko hivyo, nikamwambia ndani ya watu wote ni hivyo hivyo, akasema hata bibi? Hata bibi. Alimwangalia bibi yake kwa mashaka makubwa.

Kasoro ya pili, majambazi. Adui humo ni wawili, jitu zima lenye fujo na mwenzake kibushuti mwenye pua nyekundu, ndo wamefanywa bakteria na virusi, na wanachekesha kweli, watoto wakiwaona tu wanazomea. Ila wangu walitoka hapo wanaamini kila bakteria ni mwizi wa kuchomwa moto. Ilibidi nisimamishe nieleze kwamba wapo wengi utumboni wanaotusaidia, na kwamba mtindi wanaougombania kila asubuhi umetengenezwa na hao hao. Kimya kirefu. Mkubwa akaangalia kikombe. Akanywa, lakini siku hiyo alikunywa kwa adabu.

Alafu kuna malaria. Hii nisiwalaumu wao, wametengeneza katuni kwa ajili ya watoto wa kwao, lakini sisi huku mtoto akishaelewa tu mji ulivyo swali la kwanza ni malaria yuko wapi. Mkubwa aliuliza usiku wa kipindi cha ini. Nikazima TV, nikakaa nikafikiri, nikawaambia huyu wetu ni mjanja kuliko wale wawili wote. Mbu anamshusha, yeye hapigani na mtu, anakimbia moja kwa moja kwenye ini anajificha kwa siku kadhaa, huko anazaliana kimya kimya wewe unacheza mpira huna habari, alafu akitoka anaingia ndani ya chembe nyekundu yenyewe. Wa kati akasema ndani ya kuli? Ndani ya kuli. Na sungusungu? Sungusungu wanapishana na kuli wanamsalimia, hawajui amebeba nini. Malaria humo ndani wanakula, wanaongezeka, alafu makuli wanapasuka wengi kwa mpigo na hapo ndo homa inapanda na unatetemeka. Mkubwa hajasema kitu muda mrefu. Usiku huo alishusha neti mwenyewe, ya kwake na ya mdogo wake, akaichomeka chini ya godoro pande zote nne. Miaka minne nimepiga kelele juu ya hiyo neti.

Kingine. Nyumba ya pili kutoka kwetu yuko mtoto ana selimundu, anacheza na wangu. Kuna siku anacheza vizuri na kuna siku yuko ndani analia na mwili unauma, na watoto wa mtaa walikuwa wanasema anadeka. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na selimundu lakini ukimuuliza mtu mzima hapa mtaani ni nini atakuambia ni upungufu wa damu basi. Sasa baada ya kipindi cha damu nilichukua kalamu nikamchora kuli, duara lake safi, laini, anapita kila uchochoro. Alafu nikachora mwingine amejikunja kama mundu wa kukatia majani. Nikawauliza huyu akifika kwenye kichochoro chembamba? Mkubwa akasema atakwama. Na walio nyuma yake? Watakwama wote. Na mzigo wa oksijeni? Haufiki, na hapo ndo panauma. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Kesho yake nilimsikia wa kati anamweleza rafiki yake mwenyewe mwenye ugonjwa, pale barazani, kuhusu makuli wenye mundu, na yule mtoto anasikiliza kama anasimuliwa habari za timu yake.

Hiyo ndo sifa nitakayoipa hii katuni na siipi nyingine yoyote. Imekupa ramani ya mji, ukishakuwa nayo unaweza kusimulia hata mitaa ambayo wao hawakuichora.

Kwa upande wa wanyama tunatazama Wild Kratts ya Wamarekani, ilianza mwaka 2011, ndugu wawili wa kweli Chris na Martin Kratt, mmoja kijani mmoja bluu, unawaona kwanza wenyewe watu wazima porini na mnyama halisi, alafu wanajiuliza itakuwaje kama tungekuwa na uwezo wake, hapo ndo inageuka katuni. Wana mavazi maalumu, unaweka kidisiki cha mnyama, unamgusa mnyama mwenyewe, unapata nguvu zake. Maadui wao ndo wananichekesha mimi kuliko watoto, yupo fundi wa mitambo anayetaka wanyama wamfanyie kazi, yupo mbunifu wa mavazi anayetaka kuwavaa wakiwa hai, na yupo mpishi mmoja mnene anayezunguka dunia akitafuta mnyama adimu wa kutia kwenye sufuria. Huyo mpishi watoto wangu wanamuogopa kuliko simba. Hawa ndugu zamani walikuwa na kipindi kingine cha watoto na nyota wake alikuwa lemua halisi wa asili ya Madagaska, jina lake Jovian, aliyekufa mwaka 2014 akiwa na miaka 20, mkubwa alipoambiwa alihuzunika kama ni jirani.

Kutafsiri Wild Kratts ni kazi kuliko ile ya mwili kwa sababu wanaongea wote kwa wakati mmoja, wanapiga kelele, utani wao ni wa maneno na maneno ya utani hayahami. Nusu ya muda nilikuwa natangaza tu kama mpira, anakimbia, anaruka, anadaka. Lakini kuna kipindi kimoja cha nyegere na mlembe, yule ndege anayeongoza njia kwenda kwenye asali. Mama alikuwa anachambua mchele nyuma yetu hajali. Ndege alipoanza kulia kwenye TV akaacha ungo. Mama ametokea Sikonge huko Tabora, marehemu baba yake alikuwa mtu wa mizinga, akasema huyo namjua, huyo anaita watu. Watoto wakageuka wote watatu wakaipa TV mgongo.

Akasimulia jinsi babu yao mkuu alivyokuwa anamjibu kwa mluzi, ndege anaruka mti huu, anangoja, anaruka ule, ukichelewa anarudi kukugombeza. Na ukishapasua mzinga humuachi hivi hivi, unamwekea sega lake kwenye jani, maana yeye anachotaka ni nta na majana (watoto wa nyuki), asali ni yako. Usipomwekea? Akasema siku nyingine atakupeleka kwa chui. Nikatafuta baadaye, ya chui sijaona mtu amethibitisha, ila ya ndege kuongoza binadamu watafiti wameipima, Msumbiji kwa Wayao, na Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi wanafanya hivyo mpaka leo. Ile ya ndege kumuongoza nyegere ndo wataalamu bado wanabishana. Kwa hiyo bibi alikuwa na ushahidi mzuri kuliko katuni. Usiku huo hatukumaliza kipindi, TV iliongea peke yake.

Tulijaribu pia Operation Ouch! ya Waingereza, ya mwaka 2012 kuja mbele, mapacha wawili wanaofanana ni madaktari, Chris na Xand van Tulleken, wanafanyiana majaribio na wanakuonyesha watoto halisi hospitalini wameanguka na baiskeli, wameingiza kitu puani, vitu kama hivyo. Wanachekesha na daktari anayemcheka ndugu yake ni kitu kizuri kutazama. Lakini damu ni damu kweli, mdogo alikimbilia jikoni, kwa hiyo hiyo ni ya mkubwa peke yake na mimi, tunatazama Jumamosi wengine wakilala. Akili and Me ndo mapumziko yangu, inatengenezwa na Ubongo hapa hapa Dar, ya watoto wa miaka mitatu mpaka sita, Akili mwenyewe ana miaka minne anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro na akilala anaota yuko na marafiki zake wanyama wanajifunza herufi na namba. Kiswahili tupu! DJ anakunywa chai. Natamani sana watu kama hao siku moja waingie ndani ya mwili, wamchore mbu wetu na kuli wetu, nitakaa mbele kabisa.

Kwa anayetaka kuanza na ile ya mwili, ushauri wangu usifuate namba. Cha kwanza ni cha seli na kina maelezo mengi, anza na cha damu, au moyo, alafu chembe sahani, ukishawanasa rudi mwanzo. Bando litakuumiza, shusha ubora wa picha mpaka 360, michoro yenyewe ni ya zamani hupotezi kitu. Na kabla ya kucheza kipindi cha pili jiandae, kwa sababu cha pili ni cha kuzaliwa.

Mi sikujiandaa. Nilidhani wataonyesha mtoto analia na nesi. Kumbe wameanza mwanzo kabisa wa mwanzo, kwa adabu zote za katuni, lakini mwanzo ni mwanzo, mbegu ziko mbioni zote na yai linasubiri, na mimi kwenye mkeka na mama yangu mzazi mita moja nyuma yangu. DJ akanyamaza. Kila mtu akaniangalia. Anasemaje baba? Nikasema wanakimbia. Wanakimbilia wapi? Nikasema… nyumbani. Mkubwa akacheka kwa namna ambayo sikuipenda, ana miaka tisa, inaelekea shule wameshaanza kuambiana.

Mama akaweka kikombe chini. Akasema hizo ni mbegu za baba, mnaona ni nyingi, ni kama mahindi, unamwaga gunia zima lakini hapo inaota moja tu, na hilo ni yai la mama, ikifika moja mlango unafungwa. Nyingine? Nyingine zinakufa, mungu wangu, ndo maana nawaambia kila siku kwamba nyie ni washindi hamsikii. Basi. Wakatulia, wakatazama mpaka mwisho, hakuna aliyeuliza tena anasemaje.

Wiki iliyopita nilikwama kwenye foleni pale Buguruni mpaka saa tatu usiku. Nafika, viatu bado mguuni, nasikia ule wimbo wa Sandra Kim unaisha na sauti ya TV inashuka. Walikuwa wameanza bila mimi. Kipindi cha figo. Bibi amekaa kwenye kiti changu, hajui Kiingereza hata neno, mdogo yuko mapajani, anaonyesha kwa kijiko. Huyu ndo bwana afya wa soko, anachagua, hii maji safi irudi ndani, hii chafu peleka kwenye ndoo. Na huyu anayepiga kelele ni nani bibi? Huyo, akasema bila kugeuka, huyo ni baba yenu, amechelewa, mwambieni shikamoo alafu akae kimya tusikie.